Pengo la nyuma ndio hukula mtu (maongezi yangu ya Jumamosi pale Umoja)

Kuna watu wa chama wamenipigia wakiteta ati mvua iliwafungia njiani wakakosa, so hii hapa yote vile niliongea. Nimetoa tu zile picha za ukutani ju hazisaidii mtu akiwa kwa simu.

Mwenyekiti wetu, asante. Mama zangu, baba zangu, na nyinyi vijana wa steji nawaona mmekaa hapo karibu na mlango, sijui kama ni ndio mkimbie nikianza kutaja sindano. Tulieni, sina sindano. Mimi sio daktari. Mimi ni fundi wa meno bandia, nimekaa kwa karakana ndogo Ngara miaka ishirini na kitu nikichonga meno ya watu ambao wengi wao sijawahi kuwaona uso, ju daktari ndiye anachukua kipimo mdomoni, mimi naletewa umbo nalifanyia kazi. Watu wa Nairobi mimi nawajua kwa taya, sio kwa jina.

Kabla nianze tufanye kitu kimoja. Funga mdomo. Sasa chukua ulimi uupitishe juu ya meno, anzia nyuma kabisa chini upande wa kulia, zunguka pole pole mpaka kushoto, alafu panda juu urudi. Hesabu zile mahali ulimi unazama. Usihesabu kwa sauti, jirani asijue. Umemaliza? Mtu mzima akiwa kamili ana meno 32, na kama yale magego ya mwisho hayakutoka ama yaling'olewa, 28, hapo bado uko sawa. Nani amepata pungufu ya hapo? Wacha tu mikono chini, nimeshaona macho.

Sisi tukizika mtu tunasema ameacha pengo. Pengo lisilozibika! Tunasimama kwa kaburi tunalia. Lakini jino, jino lililokula na wewe miaka thelathini, unaliacha kwa ndoo ya daktari, unatoka na pamba mdomoni, ukifika nyumbani unasema nimeling'oa nimepona. Umepona? Maumivu yameisha, sawa. Pengo je?

Na hapo ndio kuna kitu huwa kinanikera. Mtu akipoteza jino la mbele leo, kesho ameshakopa kwa chama. Akipoteza gego, anasema "hili halionekani". Sasa mimi nakuuliza, ulipewa meno ya kuonekana ama ya kula?

Wacha niwape ya mama yangu mzazi, na hii naiongea nikiwa na aibu. Mama alikua anakaa Murang'a, na Krismasi sote tunakutana kwake, githeri imeiva kwa kuni, nyama iko, miwa imekatwa imesimamishwa kwa kona. Mama anapakulia watu. Ukimwambia mama keti ule anasema "mimi nimeshiba, nimekua nikionjaonja huko jikoni". Mwaka wa kwanza, nimeshiba. Mwaka wa pili, nimeshiba. Sisi tukaamini, kwani mama si ndio huwa anakula wa mwisho? Alafu tukaanza kusema mama siku hizi anapenda mukimo, tena tunajisifu tunamnunulia viazi gunia. Chai na mkate asubuhi, chai na mkate saa kumi, mkate anachovya mpaka unalegea. Akapungua, ile leso yake akawa anaizungusha kiunoni mara mbili. Mimi nikasema ni umri.

Siku moja tumekaa nje na yeye, ana sahani ya githeri, nikamuona ameweka punje ya mahindi mdomoni, akaizungusha hapa mbele, akaizungusha tena, akaitoa na vidole akaiangusha kando ya kiti, kuku akaokota. Maharagwe alikua anaponda na ulimi. Mahindi yanaenda kwa kuku. Nikamwambia mama hebu fungua mdomo. Akakataa. Nikambembeleza. Magego yote ya chini yalikua yameisha, kulia na kushoto, yalitoka moja moja kwa miaka, na kila moja likitoka alikua anatuambia "ni jino tu". Yaani mimi, mtoto wake, kazi yangu ni meno, nimejengea mji mzima tabasamu, na mama yangu analisha kuku.

Mnanielewa lakini?

Meno ya mbele kazi yake ni kukata, chonge inararua, magego yanasaga. Ukienda posho mill upate wametoa yale mawe wameacha tu ile bakuli ya juu ya kumwagia mahindi, utarudi nyumbani na unga? Mtu asiye na magego haachi kula, hapo ndio anatudanganya, anabadilisha chakula. Anaacha nyama, anaacha karanga, anaacha karoti na embe, sukuma wiki anaichagua mashina, anahamia mkate, uji, chai yenye sukari, vitu laini laini ambavyo kama una ugonjwa wa sukari ndivyo daktari alikukataza. Na mzee akipungua tunampeleka kupimwa kila kitu, damu, mkojo, kifua, hakuna mtu anamwambia afungue mdomo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba duniani, kwa watu wa miaka 60 kuendelea, karibu 23 kati ya kila 100 hawana hata jino moja. Hata moja! So mama hakua peke yake, ni vile wengi wanasema wameshiba.

Sasa nisiwadanganye ndio mniite fundi wa kutafuta wateja. Sio kila pengo lazima lizibwe. Gego la mwisho likitoka, wachana nalo. Wajapani walianza kampeni mwaka wa 1989 wakaiita 8020, maana yake ukifika miaka 80 uwe bado na meno 20 yako mwenyewe, ju waliona mtu akiwa na hayo 20 anaweza kutafuna karibu kila kitu. Kuna mtu amepoteza moja nyuma kabisa na daktari amemwambia hii tunaichunga tu, na ni sawa. Shida ni wewe kujiamulia peke yako mbele ya kioo. Kioo hakionyeshi nyuma.

Haya, nimekuja na kitu. Hii nyeupe ni plasta, ni umbo la mdomo wa mzee mmoja aliyenipa ruhusa nifundishie nayo. Ipitisheni mkono kwa mkono, na tafadhali mtu asiitie mfukoni, ndio moja tu niko nayo. (Kwa nyinyi hamkuwepo: ni taya mbili za plasta zimeshikwa pamoja na waya, zinafunguka na kufunga kama mdomo.)

Angalieni chini upande wa kushoto. Mzee aling'oa gego moja pale, moja tu. Akakaa miaka minane. Si mnaona lile la nyuma yake limeinama limelalia pengo kama matatu imeingia mtaro? Sasa angalieni juu yake, lile gego la juu. Limeshuka. Limeshuka mpaka linataka kugusa ufizi wa chini. Hakuna mtu alilivuta, limejitembeza. Jino hukaa mahali pake ju linasukumana na wenzake, huyu wa kando, huyu wa kando, na yule wa kukutana naye. Likikosa wa kusukumana naye linaanza safari. Hapa Nairobi mnaelewa vizuri kuliko mtu yeyote, acha ploti wazi tu miaka minane alafu urudi! Jirani wa kulia amesongeza ua, wa kushoto amemwaga kokoto, na kuna mtu amejenga kibanda anauza chapo na anakuuliza wewe ni nani.

Mzee alikuja akitaka jino lake lirudi. Daktari ananiuliza fundi, utaweka? Niweke wapi? Nafasi imebaki kama ya kupitisha ATM kadi. Ikabidi daktari achonge lile la juu kwanza, jino zima halina kosa, linachongwa ju mwenzake wa chini aling'olewa akasahaulika. Na pale yameinamiana chakula kilikua kinaingia brashi haifiki, so lile lililolala tayari lilikua na shimo. Moja likawa matatu.

Na chini ya ufizi kuna mfupa. Mfupa wa taya pale umewekwa kushika jino, jino likienda mwili unaona huu tunaulisha wa nini, unaanza kuupunguza. Ndani ya mwaka wa kwanza karibu nusu ya upana wa mfupa mahali pale inaweza kuisha, na sehemu kubwa ya hiyo inaenda miezi mitatu ya mwanzo. Miezi mitatu! Na wewe bado unasema nitaenda nikipata bonasi.

Kuna shosho aliletwa na mjukuu wake, meno bandia ya chini aliyatengenezewa zamani sana, yanacheza mdomoni kama njuga. Alikua anaweka kitambaa chini yake ndio yakae. Akaniambia, "Kijana wangu, haya meno yamepanuka." Nikamwambia shosho, plastiki haipanuki, ni wewe umepungua. Akanicheka mpaka yakaanguka. Lakini ndio ukweli, taya lilikua limeshuka, mashavu yameingia, kidevu kimeanza kutafuta pua. Ile sura tunaita ya uzee, nusu yake sio uzee, ni mfupa umeenda. Na meno ya kuvaa na kutoa hayazuii mfupa kuendelea kuisha, kwa hivo lazima yaangaliwe na kutandikwa upya upande wa ufizi kila baada ya muda, usikae nayo miaka ishirini kama sufuria ya urithi.

Tuje kwa sura, najua ndio mlikua mnangoja.

Kuna watu watakwambia kutaka meno ya mbele ni maringo. Mimi sikubali. Kijana mmoja alikua kondakta wa Githurai, alianguka mlangoni gari ikitembea, meno manne ya juu mbele yakaenda. Kabla niendelee, vijana wa steji sikizeni hapa hata kama hamtasikiza kingine: jino la mtu mzima likitoka lote na mzizi wake, liokote ulishike pale juu pa kutafunia, usishike mzizi, usilisugue, litumbukize kwa maziwa, hata ya pakiti ya dukani, ukimbie kwa daktari wa meno ndani ya nusu saa, saa moja ikizidi sana. Linaweza kurudishwa likashika. Sio la mtoto la maziwa, hilo halirudishwi. Huyu wetu hakujua, yalibaki kwa lami.

Sasa fikirini kazi yake. Anaita abiria. Anaita nini? Namba ya gari. "Fotifaivu! Fotifaivu!" Hebu semeni F. Fff. Si umeona meno ya juu yameshika mdomo wa chini? Na V hivo hivo. Bila meno ya juu hakuna F, hakuna V. Kijana anaita "Hotihaihu! Hotihaihu!" Mnacheka, eh, hata wenzake walicheka, wakaanza kumuita Hotihaihu, abiria wakaanza kumuita Hotihaihu, mwisho akaacha kuita, akawa anapiga tu mbavu za gari na kofi na kuonyesha vidole, nne, tano. Dereva akamwambia mimi nataka mtu wa kuita. Kijana wa miaka ishirini na tatu alipoteza kazi ju ya herufi mbili. Ati maringo.

Aliponijia alikua anaongea na mkono umekinga mdomo. Tulimtengenezea meno manne ya akriliki, ile plastiki ngumu, ya kuvaa na kutoa, ndio angeweza kulipa wakati huo. Siku ya kuyavaa daktari alinipigia akanipatia simu nisikie, kijana amesimama mle kliniki anapiga kelele "Fotifaivu na mbao!", yaani nauli shilingi ishirini, na mama mmoja kwa foleni anauliza hii ni hospitali ama steji. Nilicheka alafu nikanyamaza kidogo, sijui niwaambie aje.

Lakini sura ni ya mwenyewe, hii pia nilifundishwa na wateja. Mzee mmoja kutoka upande wa ziwa, mnajua Waluo wa zamani walikua wanatolewa meno sita ya chini mbele kama alama ya kwamba umekomaa, huyu alikua mmoja wao. Alikuja kutengenezewa magego. Mimi kwa ujuaji wangu nikamwandikia daktari, tukiwa tunatengeneza ya nyuma si tuongeze na hayo sita ya mbele, seti ikamilike. Jibu la mzee lilikuja kupitia daktari: mwambie huyo fundi haya mapengo sikuanguka nayo kwa pikipiki. Nilitengeneza magego peke yake, na ile nafasi ya sita nikaipitishia kipande chembamba tu cha chuma ndani, kisionekane.

Na mwingine amekulia upande wa Nakuru, kule maji ya Bonde la Ufa yana floraidi nyingi, meno yake yana ile rangi ya kahawia. Anataka jino moja la mbele, na anataka jeupe kama la mtu wa TV. Nikafanya mawili, moja jeupe, moja nililipaka mistari ya kahawia kwa brashi ndogo kama ya kope, nikilinganisha na picha za meno ya jirani. Akajaribu jeupe, akaonekana kama amevaa jino la mtu. Akajaribu lile lingine akajiangalia kwa kioo, akauliza, "Ni lipi sasa?" Hakulipata! Mpaka leo hiyo ndio kazi najivunia.

Sasa ya kuziba ni gani? Nitapita haraka ju mwenyekiti anaangalia saa. Kuna ya kuvaa na kutoa, ya akriliki ndio rahisi zaidi mfukoni, na ya fremu ya chuma ambayo ni nyembamba na imara. Kuna daraja, hilo linagandishwa halitoki, lakini meno mawili ya kando yanachongwa ndio yalibebe, so kama hayo ya kando ni mazima uliza daktari mara mbili. Na kuna implanti, skrubu ya titani inaingizwa kwa mfupa, inaachwa kama miezi mitatu mpaka sita mfupa uishike, alafu jino linafungwa juu yake. Hiyo ndio inatunza mfupa vizuri kushinda zote, na ndio bei inauma. Kama unavuta sigara ama sukari yako haijatulia, sema ukweli kabla, inaweza kukataa kushika.

Hiyo ya titani ilipatikana kwa bahati, hii lazima niwaambie. Kuna mtafiti wa Uswidi anaitwa Per-Ingvar Brånemark, miaka ya 1950 alikua anasomea damu kwenye mfupa, ameweka kidude cha titani cha kuchungulia ndani kwa mguu wa sungura. Kumaliza utafiti anataka kitu chake, kilikua ghali, akakivuta kikakataa kutoka. Mfupa umeshikana na chuma! Mtu mwingine angelaani sungura. Yeye mwaka wa 1965 akamuwekea mgonjwa wa kwanza, Gösta Larsson, mtu aliyezaliwa na taya lenye kasoro, na huyo Larsson alikulia meno hayo miaka zaidi ya arobaini mpaka akafariki mwaka wa 2006.

Kwa wale bei inawatisha, pale barabara ya Argwings Kodhek kuna hospitali ya meno ya Chuo Kikuu cha Nairobi, wanafunzi ndio wanatibu, na walimu wao wamesimama nyuma yao wakiwaangalia, nenda uulize gharama kabla hujakata tamaa. Na uliza kama mtu anayekutibu amesajiliwa na baraza la madaktari, KMPDC, hiyo sio kumkosea heshima. Nasema hivi ju nimeletewa umbo la mama aliyewekewa jino na mtu wa kibanda fulani mjini, alimwagia tu ile plastiki laini kati ya meno mawili mazima ikakauka pale pale, hakuna brashi inapita. Kwa mwaka moja yale mawili mazima yalikua yameoza. Alienda na pengo moja akarudi na matatu, na alikua amelipa.

Ukishayavaa: usiku yatoe, yalale kwa glasi ya maji, ufizi upumue. Yasugue na sabuni ya kawaida na brashi yake. Usiyamwagie maji moto, yatapinda, na usiniletee yamegandishwa na supa gluu. Nawaomba. Yakivunjika nileteeni vipande vikavu kwa karatasi, hata kama ni vitano.

Mama? Nilimpeleka kwa daktari Januari hiyo hiyo, na meno niliyatengeneza mwenyewe usiku, sikutaka fundi mwingine aguse. Wiki mbili za kwanza aliyachukia, alisema nimemwekea viatu mdomoni, na kila mtu husema hivo mwanzo kwa hivo usikate tamaa ukayatia kwa droo. Krismasi iliyofuata alikula githeri sahani mbili alafu akaitisha muwa. Nikamwambia mama, muwa hapana, hiyo ni akriliki. Akaukatakata na kisu vipande vidogo akaniangalia.

Nafikiri ni maswali sasa. Lakini kabla ya maswali, ile plasta. Iliishia wapi? Ilikua hapo mstari wa nne. Jamani. Nani ameketi na mdomo wa mzee?